Mrejesho: nukta za kati za diagonali tatu

Ndugu zangu, nawashukuru mliojibu swali langu la namna ya kuthibitisha kwamba, mistari minne ikikatana katika vipeo sita, nukta za kati za diagonali zake tatu (kila moja huunganisha vipeo viwili visivyo kwenye mstari mmoja kati ya hiyo minne) hukaa kwenye mstari mmoja, ule wa Newton na Gauss.

Nilianza na ushauri wa kutumia majira ya nukta: nilichukua mihimili miwili ya x na y pamoja na mistari x + 3y = 6 na 2x + y = 4, nikapata nukta za kati (1, 1), (3, 2) na (0.6, 0.8), ambazo zote zinatimiza x − 2y + 1 = 0. Huo ulikuwa mfano tu. Uthibitisho kamili nimeupata kwa teoremu ya Menelaus (inayotambua kwa uwiano wa vipande kama nukta tatu kwenye pande za pembetatu ziko kwenye mstari mmoja), kwenye pembetatu inayounganisha nukta za kati za pande za pembetatu ya mistari mitatu ya kwanza.

Ushauri wa kutumia projeksheni (kuhamishia umbo kwenye bapa lingine kama kivuli chake) kupeleka diagonali moja kwenye upeo usio na mwisho ili umbo liwe msambamba ulinikwamisha siku mbili, kwa kuwa projeksheni haihifadhi nukta za kati. Hata hivyo ulinithibitishia, bila hesabu yoyote, kwamba kila diagonali hukatwa kiharmonia na nyingine mbili, yaani moja huikata ndani na nyingine nje kwa uwiano uleule.