Glock 19 au SIG P365? Naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu. Niko Houston, Texas, natafuta bastola yangu ya kwanza, hasa ya kulinda nyumba. Nimebaki na mbili, zote za 9mm: Glock 19 ya risasi 15 na SIG P365 ya risasi 10. Jumamosi nilikodi zote nikalenga shabaha. P365 ni ndogo mno, kidole changu cha mwisho kinaning'inia hewani, na inaruka kweli. Matundu kwenye karatasi yalikuwa aibu tupu. Glock ilitulia. Ila mke wangu ana mikono midogo, kuivuta nyuma ile sehemu ya juu kulimshinda mara mbili. (Tuna mtoto wa miaka 4, kasha la chuma lenye kufuli nimeshanunua.) Mliozitumia, mngechukua ipi?