Jino kisiwani: mafuta ya karafuu, vidonge vya duka la dawa au kung'oa kwa mzee?

DagaaGiza
Wakuu habari za jioni. Niko kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, huku kambi ya dagaa, kuna jino linasumbua leo siku ya nne, usiku halilazi mtu. Kumpata daktari wa meno ni safari, uvuke na kivuko mpaka Bugolora, upande gari mpaka Nansio, ikishindikana hapo ni meli ya Mwanza. Na sasa hivi ni giza ndo tunavua, mbalamwezi ikiingia kama siku tisa mbele ndo kambi inapumzika. Duka la dawa wanasema nichukue amoksilini na flajili za kuua vijidudu na diklofenaki ya maumivu, yote elfu saba. Kuna mama anauza mafuta ya karafuu kachupa kadogo elfu tatu. Halafu kuna mzee anang'oa kwa koleo, ana unga pia wa kuua mdudu wa jino, buku mbili tu. Kipi kitavusha hizi siku tisa?

Mpemba Asilia
Karafuu ndugu yangu, wala usihangaike. Unajua ukizibwa jino kwa muda ile harufu inayobaki mdomoni ni ya nini? Ni karafuu hiyo hiyo, madaktari wanaichanganya na unga wao mweupe. Ila watu wanakosea kumimina. Chukua kipamba kidogo kama punje ya mchele, tone moja, kiweke ndani ya shimo, si kwenye fizi, maana mafuta makali yanababua. Kama hakuna shimo changanya na mafuta ya kula kwanza. Na uyanuse kabla hujalipa, mengine yamechakachuliwa.

Nesi Mstaafu
DagaaGiza, hujasema kitu bado. Jino lipi, la juu au la chini? Lina shimo? Shavu limevimba? Kuna homa, mdomo unafunguka wote? Una vidonda vya tumbo? Umri je? Dawa hailinganishwi hewani hivi.

Kijana wa Kaunta
Hapo mchanganyiko wa duka la dawa ndo wenyewe. Mimi likianza tu napiga amoksi siku tatu, kimya.

Nesi Mstaafu
Hiyo siku tatu ndo inatuharibia dawa. Jino likiwa linauma kwa sababu mshipa wa ndani umewaka, amoksilini haiondoi maumivu hayo. Inahitajika kukiwa na uvimbe au homa, na hata hapo jino lenyewe lazima litibiwe au ling'olewe, la sivyo usaha unarudi. Na kimya chako kinaweza kuwa mshipa umekufa, unafurahi umepona kumbe chini kunaoza.

Tani Kumi
Mimi niongelee huyo mzee na unga wake. Nilikuwa utingo njia ya Mpanda, gego likanishika tumekwama kwenye tope siku mbili. Nilianza na asprini, nikaiponda nikaibandika kwenye fizi, fizi ikawa nyeupe kama imemwagiwa chokaa, maumivu palepale. Dereva akasema kuna dawa ya kiume, akafungua betri ya gari akachovya kijiti chenye pamba akaniambia achama. Ile maji ya betri nilisikia kitu kinachemka mpaka sikioni jamani, nikatema mate yana damu na ngozi. Kweli jino lilinyamaza, kesho yake nikawa najisifu. Wiki ya pili likaanza kumeguka vipande kama udongo, la jirani nalo likalegea, fizi ikaacha mfupa wazi. Nilienda kung'oa moja yakang'olewa matatu, na mpaka leo ugali natafunia upande wa kushoto. Sasa mtu akikuuzia unga wa buku mbili muulize una nini ndani. Akishindwa kukujibu usiuweke mdomoni.

Mkulima wa Ndulele
Ila mdudu wa jino yupo. Bibi yangu alikuwa anachoma mbegu za ndulele mtu anafukiza mdomo, vitu vyeupe vinadondoka, nimeviona kwa macho yangu.

Tani Kumi
Uliona mbegu zilizopasuka kwa moto mkuu, mdudu hayupo.

DagaaGiza
Samahani wakuu nilikuwa majini. Nisahihishe, jino sio langu, ni la mama watoto, anaanika dagaa hapa hapa kambini. Gego la chini kulia, lina shimo. Shavu limeanza kujaa tangu asubuhi. Ana mimba ya miezi saba. Jana nilimpa diklofenaki mbili.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, hilo ndo lilikuwa la kwanza kusema! Diklofenaki acha leo hii, na brufeni pia asiguse, mimba ikiwa kubwa zinaweza kumdhuru mtoto. Maumivu mpe panado, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa sita, visizidi nane kwa siku. Asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi, alale kichwa kimeinuka. Ila shavu limejaa, siku tisa hazipo tena. Mpeleke kesho na kadi ya kliniki mkononi. Akishindwa kumeza, mdomo ukikaza au uvimbe ukishuka chini ya taya, ondokeni saa hiyo hiyo hata kwa mtumbwi.

Mama Wawili
Mjamzito hang'olewi jino jamani, mimba itatoka.

Dada wa Magu
Mimi nimeng'olewa nina miezi sita, nikachomwa ganzi, mtoto yuko darasa la pili. Kinachotisha ni usaha kukaa mwilini.

Mama Wawili
Kwetu tunaambiwa kila mimba inaondoka na jino, mtoto anachukua mifupa ya mama.

Nesi Mstaafu
Mtoto hachukui jino. Fizi zinavimba kwa mimba, na matapishi yana asidi, mama anatapika anapiga mswaki papo hapo anajikwangua meno. Asukutue maji kwanza, asubiri nusu saa.

Mpemba Asilia
Mswaki wenyewe upi? Mswaki wa mti nao unasafisha.

DagaaGiza
Nimeongea na mwenye mtumbwi, anatoa ruhusa ya usiku mmoja tu. Mdogo wangu ataingia badala yangu. Mama watoto amekunywa uji kidogo, kameza. Kuna mtu anajua Nansio siku ya Jumamosi daktari wa meno anakuwepo?

Mkulima wa Ndulele
Zile hazikuwa mbegu lakini, zilikuwa na kichwa.