Wavenezuela wana digrii, Wathai wana migahawa: nani kajipata zaidi Marekani?

Mbeba Boksi Mstaafu

Wakuu, salaam.

Jumamosi tulikuwa wanne kwa jamaa yangu tunasubiri ugali uive. Mboga haikutosha, mkewe akaagiza chakula cha Kithai. Aliyekileta mlangoni ni kijana wa Kivenezuela, kofia ya pikipiki kichwani, simu kaifunga mkononi kwa raba. Mlango ulipofungwa jamaa mmoja akasema, "Mmeona? Mthai anapika, Mvenezuela anabeba. Na huyo anayebeba ndiye mwenye digrii." Tumebishana mpaka saa saba usiku, nimeona niulete huku tumalizane.

Hoja yangu siifichi. Wavenezuela waliopo Marekani ni wasomi. Takriban nusu ya watu wazima wao wana shahada ya kwanza au zaidi, wakati kwa Wamarekani wenyewe ni theluthi na ushee. Kufikia 2023 waliozaliwa Venezuela walikuwa wamepita 700,000 nchi nzima. Wathai, ukijumlisha na watoto waliozaliwa hapa, ni laki tatu na kitu tu. Lakini nenda mji wowote wenye taa ya barabarani, utakuta mgahawa wa Kithai. Kwa hesabu zinazotajwa ni kama 5,000. Mvenezuela yuko wapi? Kwenye pikipiki na kwenye ghala.

Mimi nasema ni utamaduni. Mthai anajibana, anafungua chake, hangoji kuajiriwa. Mvenezuela kalelewa na mafuta, petroli ilikuwa bei ya maji, sasa maisha ya kuanza chini yanamshinda. Nawasilisha.

Mzee wa Kijiwe

Mkuu, aliyeingia 1975 kwa ndege unamlinganisha na aliyevuka msitu wa Darién, kati ya Colombia na Panama, juzi kwa miguu? Mwaka 2023 pekee walipita pale zaidi ya nusu milioni, wengi wao Wavenezuela. Mnazi wa miaka hamsini na mche wa mwaka jana, halafu unauliza mbona huu hauna madafu.

Halafu kama unataka kuanza na Wathai wa mwanzo kabisa, anza na wale mapacha walioungana, Chang na Eng. Walifika 1829, wakatembezwa watu wawatazame kwa kiingilio, wakatajirika, wakanunua shamba North Carolina na watumwa juu. Huo nao ni utamaduni wa kujibana?

Dereva wa St. Paul

Nimesoma hoja nikacheka kidogo, maana nawabeba hawa watu kila siku.

Takwimu nyingi unazoziona zinahesabu kwa nchi mtu aliyozaliwa. Sasa hapa Minnesota, abiria wangu "aliyezaliwa Thailand" mara nyingi si Mthai kabisa. Ni Mhmong, kabila la milimani, ambaye wazazi wake walikimbia Laos baada ya vita, yeye akazaliwa kambi ya Ban Vinai huko Thailand. Mwaka 2004 walianza kuletwa wengine kama 15,000 kutoka hekalu la Wat Tham Krabok, hukohuko Thailand. Au ni Mkaren, kabila jingine, wazazi wametoka Burma, kazaliwa kambi ya Mae La, Thailand pia. Kithai chenyewe wengi wao hawakiongei nyumbani. Wote waliozaliwa huko kambini, ukihesabu kwa nchi ya kuzaliwa, wanaingia kapu la Thailand, na walianza maisha hapa kwa msaada wa chakula. Wanashusha wastani wa Wathai bila Wathai kujua.

Upande wa pili kuna kinachoupandisha. Wakati wa vita vya Vietnam Marekani ilikuwa na kambi za ndege Udorn, Korat, U-Tapao, na wanajeshi wake nchini Thailand walifika karibu 50,000. Wengi walirudi na wake. Mpaka leo wanawake wa Kithai hapa ni wengi kuliko wanaume kwa mbali sana. Ukipima kipato cha kaya, unapima na mshahara wa mume Mmarekani, pensheni yake na nyumba aliyoirithi kwa mama yake. Hiyo ni hali ya uchumi ya Wathai, au ya Jim?

Mtoto wa Nyarugusu

Dereva umenigusa. Mimi ni Mfuliru, wazazi wangu ni wa Uvira, Kivu Kusini. Nimezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Fomu zote za hapa zinaniandika mzaliwa wa Tanzania. Siku moja kwenye kikao cha Watanzania wa jimboni kwetu, mwenyekiti anasifu kwamba "jamii yetu imekua", nikajua ananihesabu na mimi. Mwaka huohuo nilipoomba mchango wa msiba nikaambiwa niende kwa Wakongo wenzangu.

Mbeba Boksi Mstaafu

Pole mkuu, hiyo ya msiba ni aibu yetu.

Nakubali kapu limechanganywa. Lakini migahawa haikuchanganywa. Ile ipo, ina bango, ina mwenyewe. Nani kamzuia Mvenezuela kufungua mgahawa wa arepa zake, ile mikate ya mahindi?

Binti Pangani

Aliyemzuia nitakutajia.

Nimefanya kazi miaka minne jikoni kwa Wathai, Los Angeles, mtaa ule wa Hollywood Boulevard kati ya Western na Normandie ambao jiji liliutangaza rasmi Thai Town mwaka 1999. Niliingia kuosha vyombo, nikatoka naponda kitunguu saumu na pilipili kwenye kinu kama mzaliwa wa Isaan, kaskazini mashariki ya Thailand. Kinu chao ni cha udongo, mchi wa mti, na ukiponda kwa nguvu mama mkuu anakuzaba kijiko mkononi: papai halipondwi, linabembelezwa. Nilichojifunza pale si mapishi tu.

Kwanza, kuna viza ya E-2, ya mwekezaji. Inatolewa kwa raia wa nchi zenye mkataba maalumu na Marekani tu. Thailand inao, wa mwaka 1966. Venezuela haina. Maana yake Mthai mwenye mtaji anaweza kutoka Bangkok, akanunua mgahawa, akakaa kihalali akihuisha karatasi zake, na akaleta mpishi wake mahiri kwa mlango huohuo. Mvenezuela mwenye pesa ileile, hata milioni, mlango huo kwake ni ukuta.

Pili, serikali yao. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 Thailand iliamua kwa makusudi kwamba migahawa nje ya nchi ni biashara ya taifa. Wapishi wakafundishwa, benki yao ya mauzo ya nje ikakopesha, idara ya biashara ikachora hadi mifano ya migahawa ya bei tatu, wa haraka, wa kati na wa kifahari. Mgahawa unaopika vizuri unapewa nembo ya Thai Select. Sasa Mvenezuela serikali yake imemfanyia nini? Mwaka 2019 uhusiano na Washington ulivunjika, ubalozi ukafungwa. Miaka iliyofuata, pasipoti ikiisha muda kuihuisha ikawa shida. Nakala ya cheti cha chuo akitaka ipigwe muhuri, alitafuta binamu Caracas apange foleni.

Ila msiwapambe Wathai wote kwa maua. Agosti 1995, El Monte, mji mdogo hapo kando ya Los Angeles, walikutwa Wathai 72, karibu wote wanawake, wamefungiwa kwenye nyumba zenye waya wa miba wakishona nguo usiku na mchana. Waliowafungia walikuwa Wathai wenzao. Na jikoni kwetu kulikuwa na mpishi wa miaka sitini na kitu, viza iliisha kabla sijazaliwa, analipwa mkononi, hana pensheni, goti limekufa. Huyo hayumo kwenye bango la mgahawa.

Kaka wa Katy

Mimi nipo Katy, pembeni ya Houston. Wenyewe wanapaita Katyzuela, na kule Florida mji wa Doral wanauita Doralzuela. Njooni muone magari yaliyoegeshwa mbele ya arepera, mgahawa wa arepa, siku ya Jumapili ndipo mseme Mvenezuela kashindwa.

Mnaongelea Wavenezuela kama mtu mmoja. Baada ya ule mgomo wa 2002 na 2003, Rais Chávez alifukuza wafanyakazi zaidi ya 18,000 wa shirika la mafuta la taifa, PDVSA. Wahandisi, wanajiolojia, mabingwa wa visima. Wengi wakaishia hapa Houston na kule Calgary, wakiajiriwa na kampuni zilezile walizokuwa wanakaa nazo meza moja. Matajiri wa Caracas nao walikuwa na nyumba Miami muda mrefu. Wale waliokuja baada ya bei ya mafuta kuanguka 2014, pesa yao ikageuka karatasi ya kufungia karanga, ni watu wengine. Wamepita Colombia au Peru kwanza, wameuza kila kitu njiani. Ndugu wa damu wakati mwingine: kaka mkubwa ana bwawa la kuogelea, mdogo kapandishwa basi Texas na gavana Abbott kupelekwa New York bila kujua anakwenda wapi.

Ukichukua bwawa na basi ukagawa kwa mbili utapata Mvenezuela ambaye hayupo.

Simba Mzee

Nyie watu kila kitu makaratasi. Nawaulizeni, Wabongo wangapi hapa wana grini kadi ya DV, tena waliishinda bahati nasibu, mwaka wa ishirini bado wanapanga chumba na watu wanne? Karatasi wanazo. Mtaji hawana, umoja hawana, kila chama cha Watanzania kikifika uchaguzi kinazaa vyama viwili. Wathai wana hekalu, Wat Thai pale North Hollywood, mwisho wa wiki wanauza chakula uani, watu wanajuana, anayeanza anashikwa mkono. Mbeba Boksi ana hoja, mnamwonea.

Binti Pangani

Simba Mzee, hapo kwenye hekalu nakubali kabisa, nimeuza mwenyewe ndizi za kukaanga pale uani. Na wana mchezo wao wa pesa, wanauita share, ni upatu wetu huuhuu ila wenye riba: anayesubiri kupokea mwisho anapata cha juu. Mama mkuu alikuwa hapokei mapema hata siku moja, anakaa namba ya mwisho kwa raha zake. Duka la pili alilipata hivyo.

Zamu ya Usiku

Nimekuwa nikisoma tu ila hapo kwenye upatu lazima niandike.

Nafanya kazi ghala, zamu ya saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Kwenye mstari wetu karibu nusu ni Wavenezuela. Anayesimama kulia kwangu ni daktari wa meno kutoka Maracaibo. Ukimpa boksi lililopasuka analishona kwa gundi taratibu kama anaziba jino, msimamizi anamfokea kwa kuchelewesha. Arudie udaktari? Mitihani upya, miaka ya masomo upya, vyeti ambavyo Binti Pangani ameshaeleza. Alipoomba hifadhi ya ukimbizi sheria ilimtaka akae siku 150 kabla hata ya kuomba kibali cha kazi, na kibali hakitoki kabla ya siku 180. Nusu mwaka mtu unakula nini? Ndipo alipoanza kuendesha pikipiki kwa akaunti ya mtu mwingine, anamkatia fungu kila wiki. Kijana wa Mbeba Boksi pale mlangoni huenda naye yuko mwezi wa tatu wa kusubiri hivyohivyo.

Baadaye akapata ile hifadhi ya muda ya kukaa na kufanya kazi, TPS, ya mwaka 2023. Hapo maisha yakachangamka. Akaanzisha upatu, wao wanauita san. Tulikuwa kumi: Wavenezuela wanane, mimi, na dada mmoja wa Bujumbura. Dola 200 kila wiki mbili, unapokea 2,000. Mwenzangu mmoja alitaka kununua jiko la arepa la kukokota, mwingine gari. Tulianza Desemba 2024. Mimi namba nane.

Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2025 serikali mpya ya Trump ikatangaza kuifuta hifadhi ile, ya watu kama 350,000. Kesi zikafunguliwa, jaji akazuia, mwezi Mei Mahakama ya Juu ikaruhusu ifutwe wakati kesi inaendelea. Lakini san haikusubiri Mahakama ya Juu. Watano tulikuwa hatujapokea, na usiku ule wa tangazo, chumba cha kulia chakula, kila mmoja alitaka awe wa sita. Hakuna aliyekubali kuwa wa kumi. Wale watu si wavivu na hawakuwa wamekosa umoja, Simba Mzee. Siku moja kabla walikuwa wanalishana kwenye sahani moja. Ni kwamba hakuna aliyejua nani atakuwepo Aprili.

Ukavunjika. Kila aliyepokea alikuwa anadaiwa na mimi 200. Watatu walilipa, daktari wa meno akiwa wa kwanza. Wawili walihamia jimbo jingine bila kuaga. Kati ya 1,000 niliyotoa nilirudishiwa 600.

Sasa tumeanza mchezo mpya, Wabongo, Wakongo na yule dada wa Bujumbura, wote wenye karatasi za kudumu. Wavenezuela wawili wa mstari wetu waliomba kuingia. Tulikaa kikao kwenye gari, tukakataa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokataa, na kesho yake usiku nikasimama kushoto kwa yule daktari saa nane nzima, hatukuongea.