Mnaotupatia faili za lida zenye sifa za ziada bila maelezo, mnatuchosha!

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, kwanza nitoe la moyoni.

Mtoa data ameniletea faili za LAZ (yaani LAS iliyobanwa; LAS ni kiwango cha wazi cha kuhifadhi nukta za lida, upimaji kwa leza), toleo 1.4, mawingu ya nukta ya eneo zima la mradi. Kwenye makubaliano iliandikwa bila kupindapinda kwamba kila nukta itakuja na sifa mbili za ziada: uakisi kwa desibeli, na kipimo cha namna umbo la mwangwi wa leza lilivyopotoka. Kilichonifanya nikubali bei yao ni hizo mbili, maana X, Y na Z kila mtu anatoa. Nafungua kwa skripti ya Python, naita laspy (maktaba ya kusoma LAS), naiuliza `las.point_format.extra_dimension_names`. Inanirudishia jina moja tu: ExtraBytes.

Kwa ambao hawajawahi kukutana nalo, hilo si jina la sifa yoyote. Laspy hulibandika yenyewe ikikuta mwishoni mwa kila nukta kuna baiti zimebaki na hakuna aliyesema ni za nini. Yaani nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeshonwa mdomo.

Nikaingia kwenye kichwa cha faili. Nafasi ya 104 inataja muundo wa nukta, nafasi ya 105 na 106 zinataja urefu wa rekodi ya nukta moja. Muundo namba 6 kwa kanuni unakula baiti 30. Kichwa kinasema 36. (Ukisoma LAZ kwa mkono utakuta pale 104 pameandikwa 134, usishtuke, huongezwa 128 kuonyesha kwamba data imebanwa.) Kwa hiyo kila nukta ina baiti 6 za ziada. Sasa niambieni, baiti 6 ni nini? Inaweza kuwa namba kamili tatu za baiti mbilimbili. Inaweza kuwa namba ya desimali ya baiti nne na namba kamili ya baiti mbili, au kinyume chake. Inaweza kuwa vitu sita tofauti.

Na si kwamba kiwango cha LAS hakikuweka utaratibu. ASPRS, chama cha Marekani kinachosimamia kiwango hicho, walilimaliza hili kwenye LAS 1.4 mwaka 2011. Unaweka VLR (rekodi ya maelezo inayofuata kichwa cha faili) yenye kitambulisho LASF_Spec na namba ya rekodi 4, halafu kila sifa inapewa baiti 192 za kujieleza: aina ya data, jina la hadi baiti 32, maelezo mafupi baiti 32, thamani ya "hakuna data", kipimo cha kuzidisha na cha kujumlisha. Sifa mbili ni baiti 384, ongeza 54 za kichwa cha VLR. Faili lina ukubwa wa gigabaiti kadhaa, halafu mtu anabania baiti mia nne na ushee!

Nikawaandikia. Jibu: "Fungua kwa programu yetu, sifa zote zinaonekana." Hapo ndipo damu ilipochemka. Bila shaka kwenye programu yenu zinaonekana, ninyi ndio mnaojua mlizipangaje! Nilichoagiza ni faili la kiwango cha wazi linalosomeka na skripti yoyote, sikuagiza leseni ya programu ya mtu.

Ikabidi nifanye kazi ya upelelezi ambayo si yangu. Aliyekwama kama mimi afanye hivi: `las["ExtraBytes"]` inakupa jedwali la safu wima sita za baiti, kila moja 0 hadi 255. Usikimbilie kukisia aina, tazama kwanza kila safu wima peke yake inavyotawanyika. Tatu za mwanzo kwangu zilikuwa vurugu tupu. Ya nne ilikuwa karibu kila mahali 192 au 193. Hiyo ni alama kubwa. Namba ya desimali ya baiti nne, baiti ndogo ikitangulia, ikiwa kati ya −2 na −8, baiti yake ya mwisho ni 192. Ikiwa kati ya −8 na −32 ni 193. Na uakisi kwa desibeli mara nyingi huangukia humo humo. Nikachukua safu wima nne za mwanzo:

`np.ascontiguousarray(las["ExtraBytes"][:, :4]).view("<f4")`

Paa za bati zikang'aa, lami ikafifia, majani katikati. Uakisi huo. Baiti mbili zilizobaki nikazisoma kama `<u2`: nyingi ndogo ndogo, halafu rundo zima la 65535. Sasa hiyo 65535 ni kipimo, au ni "hakuna data"? Akili inasema ni hakuna data. Lakini faili halisemi, na ukiliachia rundo hilo kwenye wastani, wastani wote unakuwa takataka. Sehemu ya kutangaza jambo hilo ipo kwenye zile baiti 192. Ipo!

Baada ya kulalamika sana wakatuma awamu ya pili, safari hii ikiwa na VLR. Nikashukuru mapema mno. Majina yapo, lakini uakisi sasa unasomeka −1240, −860. Wamehifadhi kama namba kamili na kuandika 0.01 kwenye sehemu ya kuzidisha, sawa, ila baiti ya chaguo wameiacha 0. Biti namba 3 (ukihesabu kuanzia 0) ndiyo inayosema "tumia kipimo cha kuzidisha". Isipowashwa, msomaji anayefuata kanuni anaipuuza hiyo 0.01, na yuko sahihi kuipuuza. Ilitakiwa iwe 8, au 24 kama na cha kujumlisha kipo. Ina maana hakuna mtu upande wao aliyelifungua faili hilo na chombo kingine chochote kabla ya kulituma.

Zana nazo zina lake. Ukikata wingu vipande kwa PDAL (programu huria ya kuchakata mawingu ya nukta) na kwenye `writers.las` hukuandika `extra_dims` iwe `all`, kinachotoka ni sifa za kawaida za muundo peke yake. Za ziada zimekwenda. Najua nyaraka zao zinasema, sibishani na nyaraka. Nabishana na uamuzi wa kuacha data ya mtu njiani kama hali ya kawaida. Ukipokea kipande kutoka kwa mwenzako, muundo 6, urefu wa rekodi 30 kamili, na uliahidiwa sifa za ziada, usipoteze muda kutafuta kwenye skripti yako. Hazimo. Mrudie aliyekata. Na wakati wa kusoma kwa PDAL hakikisha `use_eb_vlr` ni `true`, ili iitumie VLR ya sifa za ziada.

Kuna kundi lingine linakwepa haya yote kwa kubana namba ya mti kwenye `point_source_id`, sehemu ya kutaja chanzo cha nukta. Hiyo ni baiti mbili. Mti wa 65,536 ukifika, namba inaanza tena sifuri, na msitu wako una miti pacha. Hao sina hata nguvu ya kugombana nao.

Kuanzia sasa sipokei faili kabla skripti yangu haijakagua mambo manne: urefu wa rekodi dhidi ya muundo, VLR namba 4 ipo, jumla ya ukubwa wa sifa zilizotangazwa inalingana na baiti zilizozidi, na kama kipimo cha kuzidisha kimeandikwa basi biti yake imewashwa. Kimoja kikikosekana, faili linarudi lilikotoka. Mnaotoa data mnaweza kuandika ukaguzi huo huo kwa dakika chache na kutupunguzia presha.

Nina swali moja kwa wajuvi. Kwenye mzigo wa zamani nimekuta sifa zilizotangazwa kwa aina za 11 hadi 30, zile za thamani mbili au tatu kwa pamoja ambazo kiwango kimeshaziacha. Aliyewahi kuzigeuza kuwa sifa mojamoja bila kuharibu sehemu za "hakuna data", aweke hapa alivyofanya.