Wamenikosesha nyumba Columbus kwa kudai pesa ya upatu haikubaliki FHA. Kumbe inakubalika!

Wakuu habari zenu. Mlioko Marekani, na hasa mnaotafuta nyumba kwa mkopo wa FHA (shirika la nyumba la serikali kuu), naomba msome uzi huu wote kabla hamjasaini kitu. Ni mrefu, mnisamehe, nimekaa na hasira hizi mwezi mzima.

Nahudumia wazee, zamu ya usiku, mwaka wa sita sasa hapa Columbus, Ohio. Mume wangu yuko ghala. Ukaazi wa kudumu tunao, kodi ya serikali tunalipa, kredit yangu, yaani alama za ulipaji madeni, ni 688. Tulipata nyumba ya dola 210,000, vyumba vitatu, uani kuna mti wa tufaha. Mwanangu mkubwa alishapima chumba chake kwa hatua akasema kitanda kitakaa upande wa dirisha. Nyumba hiyo sasa ina watu wengine.

Afisa mikopo wetu alikuwa mwenzetu kabisa, Kiswahili kimenyooka, watu wa kanisani ndio walionipa namba yake. Ndiyo maana nilimwamini. Alinitazama dakika tano akasema, "Dada, wewe ni FHA tu." Hakuuliza kitu kingine.

Kianzio cha FHA, yaani hela unayotanguliza mwenyewe, ni asilimia 3.5 ya bei ukiwa na kredit kuanzia 580, kwa hiyo kwetu ilikuwa dola 7,350. Nilishajipanga. Tulikuwa na upatu wa watu kumi na wawili, dola 500 kila mwezi, na mimi niliomba kwa makusudi zamu ya mwisho ili nisiiguse ile hela. Miezi kumi na miwili nimejinyima. Zamu yangu ikafika, kijumbe akanitumia dola 6,000 benki. Kila senti humo ni yangu, hakuna ninayemdai wala anayenidai.

Nilishalipia mkaguzi wa nyumba dola 450 na mthamini dola 600. Ndipo yule mtu wa kampuni anayepitia mafaili, wanamwita andaraita, akauliza dola 6,000 zimetoka wapi. Sawa, ana haki ya kuuliza, amana kubwa lazima ielezwe. Nikamweleza afisa wetu: ni upatu. Jibu lake sitalisahau: "Hela ya mchezo FHA hawaitambui, haina karatasi. Tafuta ndugu yeyote aandike barua kwamba amekupa zawadi, mambo yaishe."

Jamani! Barua ya zawadi unasaini kwamba fedha ni zawadi ya kweli na hairudishwi. Kudanganya humo ni kosa la jinai la serikali kuu. Mimi ni mgeni nchi hii, nasubiri kuomba uraia, na mtu anayejua hali yangu fika ananiambia nifoji karatasi ili yeye apate kamisheni yake? Nikakataa. Tangu siku hiyo simu zangu hapokei. Mkataba ukapitiliza tarehe, muuzaji akachukua mnunuzi mwingine. Dola 1,050 za mkaguzi na mthamini zimekwenda na maji.

Sasa sikilizeni kilichonichoma zaidi. Wiki moja baadaye nikaenda ofisi ya washauri wa nyumba, zile zilizoidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba. Sikutoa hata senti. Mama mmoja akanisikiliza, akafungua kwenye kompyuta kitabu cha kanuni za FHA chenyewe, namba 4000.1, akanigeuzia kioo. Kuna kipengele kizima cha vikundi binafsi vya kuweka akiba. Wameeleza kabisa kwamba ni watu wanaochangia kwenye mfuko mmoja wanaousimamia wenyewe. Yaani upatu! Fedha zake zinakubalika kwa kianzio. Mkopeshaji anatakiwa athibitishe kikundi kipo na kimekuwepo kwa muda gani, mkopaji alipokea fedha hizo, na kwamba zimekusanywa kwa kiasi kinachoingia akilini, si za kukopa. Basi.

Na ushahidi huo ninao! Kijumbe wetu ni mama wa Tanga, hacheki na hela ya mtu. Ana daftari la mistari, jalada limefunikwa kwa plastiki. Kila ukurasa mwezi wake, majina kumi na mawili, tarehe, kiasi, na kila aliyepokea amesaini kwa mkono wake. Juu ya hapo tulitumiana kwa benki, kwa hiyo kila dola 500 yangu inaonekana inavyotoka kwenye akaunti, mara kumi na mbili. Karatasi gani tena walitaka? Hakuna aliyeniomba daftari. Hakuna aliyelitazama. Mtu aliyekulia kwenye jamii ya upatu, ambaye mama yake bila shaka amewahi kucheza, ndiye aliyesema hauna karatasi.

Yule mama akanionyesha na mengine ambayo sikuwahi kuambiwa. Eleweni kwanza kwamba FHA haikopeshi. Tangu 1934 kazi yake ni kumkatia bima mkopeshaji, ili ukishindwa kulipa yeye asipate hasara, na bima hiyo unailipa wewe. Asilimia 1.75 ya mkopo papo hapo, kwangu karibu dola 3,550 ambazo wanazirundika juu ya deni. Halafu asilimia 0.55 kwa mwaka, kama dola 93 kila mwezi. Na ukitoa kianzio chini ya asilimia 10 kwa mkopo wa miaka 30, bima haiondoki mpaka umalize deni au ubadilishe mkopo. Miaka thelathini! Afisa wetu aliitaja kama "ada ndogo ndogo".

Kwa kredit ya 688 nilistahili angalau kuambiwa kwamba kuna mikopo ya kawaida ya kianzio cha asilimia 3, ambayo bima yake unaweza kuomba iondolewe ukishalipa mpaka ukamiliki asilimia 20 ya thamani ya nyumba. Nilistahili kuambiwa kuhusu USDA, ya wizara ya kilimo. Jina linakudanganya ni ya wakulima, kumbe miji midogo mingi nje ya majiji imo. Kianzio hakuna, bima ni asilimia 1 mwanzoni na 0.35 kwa mwaka, sharti nyumba iwe eneo linaloruhusiwa na kipato cha kaya kisizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo lile. Mume wangu anaendesha dakika arobaini kwenda ghalani kila siku, tungeshindwa nini kukaa nje ya jiji? Ya VA ni ya waliotumikia jeshi, hiyo haituhusu.

Shemeji yangu naye alipita kwa mtu huyohuyo. Yeye ana kibali cha kazi tu. Tangu tarehe 25 Mei 2025 FHA ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu, na wachache wa visiwa vya Pasifiki wenye mkataba na Marekani. Afisa mikopo hawezi kukosa kujua hilo. Lakini alimchaji hela ya ripoti ya kredit kwanza, habari mbaya akampa baadaye.

Halafu Jumatatu kampuni ya mkopo wamenitumia fomu eti nisaini kwamba nimeondoa ombi langu mwenyewe. Sisaini! Nikisaini, kwenye makaratasi yao hakuna aliyenikataa. Sheria inawataka wanijibu ndani ya siku 30 tangu ombi likamilike, na wakinikataa nipate sababu kwa maandishi. Nataka hiyo barua. Nataka waandike kwa mkono wao kwamba wamekataa fedha za upatu, ili niiweke pembeni ya kitabu cha FHA na kuipeleka kwa wanaosimamia wakopeshaji.

Leo ni siku ya 34, barua hakuna. Kijumbe ameniachia daftari na amesema yuko tayari kuandika na kusaini popote. Kama kuna mtu humu amewahi kupitishwa FHA kwa fedha za upatu, chama au likelemba, tafadhali aje PM aniambie ni mkopeshaji gani na walitaka vielelezo gani. Mkataba wetu wa kupanga unaisha mwisho wa mwezi ujao na mwenye nyumba ameshapandisha kodi.