Naomba ushauri: mdahalo wa wanafunzi kuhusu mnyama mwenye akili kuliko wote

Mwalimu wa Mikindani

Habari zenu, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mikindani na ndiye mlezi wa klabu ya midahalo. Baada ya wiki tatu wanafunzi wa kidato cha tatu watakabiliana na wadogo zao wa kidato cha pili kwa mada waliyoichagua wenyewe: ukimwondoa binadamu, ni mnyama yupi aliye na akili kuliko wote? Niliikubali upesi, kwa kuwa nilifurahi kuona wametaka jambo la kuchunguza badala ya zile mada za elimu na pesa zilizozoeleka. Sasa naona niliikubali bila kuipima.

Kundi moja linamtetea sokwe, na hoja yao ni ile iliyoonwa na Jane Goodall huko Gombe mwaka 1960, kwamba sokwe huchomeka majani kwenye kichuguu ili kuvua mchwa. Kundi jingine linamtetea pomboo, ambaye wengi wao wamemwona kwa macho yao hapa baharini. Mwanafunzi mmoja alisimama akamtaja pweza, na darasa zima likacheka. Hakuweza kujitetea zaidi ya kusema kwamba bibi yake huchokoa pweza na kila siku humsifu kwa ujanja. Kicheko kile kiliniuma, kwa sababu nilihisi mtoto yule ana hoja ambayo hakuna aliyemsaidia kuitoa, nami mwalimu wake nikiwa miongoni mwao.

Naomba mnishauri mambo mawili. Kwanza, majaji watumie kipimo gani, ili asishinde tu yule mwenye sauti kubwa? Pili, ni ushahidi gani wa kuaminika ninaoweza kuwapa, hasa kuhusu wanyama wanaojulikana huku kwetu kusini?

Mstaafu wa Nachingwea

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza mapema. Nilifundisha baiolojia kwa miaka mingi, na kosa nililoliona likijirudia ni mtu kuanza na mnyama anayempenda, kisha kumtafutia sifa. Mimi ningeanza na farasi.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Mwenye naye, Wilhelm von Osten, alimwonyesha hadharani akijibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato chini: ukimwuliza saba na tano ni ngapi, hugonga mara kumi na mbili, kisha hutulia. Wasomi walimchunguza wasione udanganyifu wowote, na kweli udanganyifu haukuwapo. Ndipo Oskar Pfungst, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1907, alipoonyesha kwamba Hans alipatia pale tu ambapo muulizaji mwenyewe alilijua jibu na farasi alikuwa akimwona. Idadi sahihi inapofikiwa, muulizaji hubadili mkao wa kichwa na mwili kidogo sana bila kujijua, na farasi aliliona badiliko hilo akaacha kugonga.

Nisingependa wanafunzi waseme kwamba Hans alikuwa mjinga. Kumsoma mtu kiasi hicho ni uwezo mkubwa, isipokuwa si uwezo aliosifiwa. Kwa hiyo jaji aulize kila mara: je, jambo hili lina maelezo mengine yaliyo mepesi zaidi?

Jihadharini pia na kipimo cha kioo, ambacho watakikuta kwenye intaneti na kukishika kana kwamba ndiyo sheria. Gordon Gallup alikieleza mwaka 1970: mnyama hutiwa alama mahali asipoweza kupaona bila kioo, kisha huangaliwa kama atajigusa pale penye alama. Sokwe walifaulu, na baadaye pomboo na tembo. Mbwa hafaulu, lakini mbwa huijua dunia kwa pua zaidi kuliko kwa macho, na kioo hakina harufu ya mbwa mwenyewe. Mwaka 2019 likatangazwa jambo lililowashangaza wengi: yule samaki mdogo wa mwambani, anayewasafisha samaki wenzake kwa kuwala wadudu walioganda mwilini mwao, naye alionekana kufaulu. Tangu hapo wataalamu wanabishana kama kipimo hicho kinapima kile walichodhani kinapima.

Mkulima wa Liwale

Shikamoo Mzee wa Nachingwea. Mwalimu, nakusalimu pia.

Mimi ninalima ufuta na mahindi, na shamba langu liko upande wa tembo wanakopita. Nilikuwa nimejiandaa kuandika kwamba tembo ana akili kwa sababu msimu wa kwanza tulipiga madebe wakakimbia, na msimu wa pili tulipiga madebe yaleyale wakasimama, wakatutazama, wakaendelea kula. Baada ya kusoma habari za farasi wa Mzee nimeuondoa ushahidi huo, kwa maana hata kuku huzoea kelele.

Ushahidi ninaoubakiza ni wa Tarangire. Mwaka 1993 palikuwa na ukame mkali na ndama wengi wa tembo walikufa. Watafiti waliona kwamba baadhi ya makundi yalitoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine, na makundi hayo yalipoteza ndama wachache kuliko kundi lililobaki. Yaliyotoka yaliongozwa na majike wazee, ambao kwa umri wao walikuwa hai wakati wa ukame mwingine mkubwa, yapata miaka thelathini na mitano nyuma. Kundi lililobaki lilikuwa limepoteza wazee wake kwa ujangili. Mimi naisoma habari hii kama mtu aliyezaliwa katika nyumba yenye bibi, na naelewa kwa nini tembo mmoja mzee akiuawa kundi hupoteza zaidi ya nyama na pembe.

Kuna pia uchunguzi wa Amboseli nchini Kenya, uliotolewa mwaka 2014. Tembo walisikilizishwa sauti zilizorekodiwa za watu waliokuwa wakisema maneno ya maana ileile, wengine kwa Kimaasai na wengine kwa Kikamba. Waliposikia wanaume wa Kimaasai, ambao wakati mwingine huwachoma mikuki, walijikusanya pamoja na kurudi nyuma zaidi kuliko waliposikia Wakamba. Waliposikia wanawake au wavulana wa Kimaasai, hofu ilipungua. Hapo nadhani tembo hakuzoea kelele tu; anatenganisha lugha, jinsia na umri wa anayesema.

Mama wa Songosongo

Mwalimu, salamu kutoka kisiwani. Shikamoo Mzee. Mfikishie mtoto aliyechekwa salamu zangu kwanza, ndipo usome mengine.

Nimechokoa pweza tangu nikiwa binti. Maji yakipwa wakati wa bamvua tunashuka mwambani na mchokoo, na unapotafuta shimo la pweza hulitafuti shimo lenyewe, kwa kuwa mashimo ni mengi mno. Unatafuta maganda ya kaa na kombe yaliyotupwa nje, na mawe madogo yaliyopangwa mlangoni. Pweza akiwa ndani huyavuta mawe hayo kwa minyiri yake akajifungia. Ukipita karibu naye akiwa nje, hubadili rangi na ngozi yake mpaka unakanyaga pembeni mwake ukidhani ni mwamba. Tulipofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, mtaalamu aliyekuja kutuelimisha alitueleza kwamba pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na kwamba sehemu kubwa yake, karibu theluthi mbili, haimo kichwani bali imo katika minyiri. Wanawake wenzangu hawakushangaa. Mnyiri uliokatwa huendelea kushika na kupapasa, na sisi tumeliona hilo siku zote.

Jambo ninalotaka wanafunzi walifikirie ni hili. Pweza jike hutaga mayai shimoni, huyalinda na kuyapepea kwa maji, haendi kuwinda, na mayai yakishaanguliwa naye hufa. Watoto ni wadogo mno, huchukuliwa na maji wakaenda wanakokwenda. Hakuna pweza aliyewahi kumwona mama yake akiwinda, wala aliyeishi na bibi yake. Na umri wake wote ni kama mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Tembo wa ndugu yangu wa Liwale anajua mengi, sikatai, lakini ameyapokea kwa waliomtangulia kwa miaka mingi. Pweza anajua kufungua kombe, kujenga mlango, kujificha na kumkimbia mchokoaji, na hayo ama amezaliwa nayo ama ameyagundua peke yake.

Mstaafu wa Nachingwea

Marahaba nyote wawili. Mama, hapo kwenye "amezaliwa nayo" ndipo mdahalo wote ulipo, nami nikuongezee ushahidi. Mwaka 2009 watafiti walieleza jinsi pweza wa Indonesia wanavyookota vifuu vya nazi vilivyotupwa na watu, wakavibeba chini ya mwili huku wakitembea kwa shida juu ya minyiri iliyokakamaa, kisha wakaviunganisha viwili na kujificha ndani. Wakati anapokibeba, kifuu hakimfai kitu, tena kinamchelewesha. Faida yake iko mbele ya safari. Vifuu vilivyopasuliwa kwa usawa vimeletwa baharini na binadamu, kwa hiyo kuna ugumu kusema kwamba pweza alizaliwa akivijua, ingawa mpinzani hodari atajibu kwamba mababu wa pweza hao huenda walibeba maganda ya kombe kwa namna hiyohiyo. Waache wanafunzi wabishane hapo. Ni mahali pazuri pa kubishania.

Mrina asali wa Nanyumbu

Naomba kumtaja ndege ambaye sijaona mtu akimtaja. Sisi Wayao wa kando ya Ruvuma tunamjua ndege anayemwita mtu na kumwongoza kwenye mzinga wa nyuki porini. Mtu hupanda, hutuliza nyuki kwa moshi, huchukua asali, na ndege hupata nta na majana. Tunapomtafuta tunatoa mlio wa kutetemesha ulimi, "brrr", na kumalizia na "hm". Ng'ambo ya mto, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, watafiti waliujaribu mlio huo, na matokeo yao ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba anayeutoa huongezewa uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66.

Yanayogusa hoja ya Mama wa Songosongo yalitoka mwaka 2023. Wahadza wa Tanzania humwita ndege huyohuyo kwa mluzi, si kwa mlio wetu. Watafiti walipopiga sauti zote mbili katika nchi zote mbili, ndege wa Uhadzabe waliitikia mluzi mara tatu na zaidi kuliko mlio wa Kiyao, na ndege wa Niassa waliitikia mlio wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi. Sasa ndege huyu hutaga katika viota vya ndege wengine na haleti hata punje kwa watoto wake. Kama pweza, hakulelewa na mzazi wake. Huenda hamu ya kuongoza amezaliwa nayo, lakini lugha ya watu wa mahali pake amejifunza mwenyewe.

Mkazi wa Morogoro, mzaliwa wa Newala

Niongeze kwa ufupi. Panya buku, ambaye kwetu Newala nilimjua kama kitoweo, huku Morogoro anafundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya shirika la APOPO, kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya wa shirika hilo walishiriki kusafisha ardhi ya Msumbiji, iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu hayo. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020. Hata hivyo nisingemweka katika shindano lenu. Pua yake ni ya ajabu na hujifunza vizuri, lakini anafanya alichofundishwa na mtu hatua kwa hatua kwa miezi mingi, akilipwa kipande cha ndizi. Mtumieni kuwaonyesha wanafunzi kwamba manufaa kwa binadamu si kipimo cha akili.

Mwalimu wa Mikindani

Nawashukuru sana. Nimeyasoma mara mbili, kisha leo mchana nikawasomea wanafunzi maelezo ya Mama wa Songosongo yote, na hakuna aliyecheka.

Tumeibadili mada. Ile ya kwanza ingewafanya wataje wanyama kumi bila kumchunguza hata mmoja. Sasa hoja inasema: "Pweza anaonyesha akili zaidi kuliko tembo, kwa kuwa hujifunza bila kufundishwa." Kidato cha tatu wataiunga mkono, na kidato cha pili wataipinga kwa kueleza kwamba kupokea maarifa ya wazee na kuyatumia wakati wake ndiyo akili yenyewe. Binafsi naelemea upande wa tembo, kwa sababu ya wale majike wa Tarangire, lakini sitawaambia.

Majaji nimewaagiza wamuulize kila msemaji: jambo hilo liliangaliwa na nani na kwa njia gani, kuna maelezo mepesi zaidi, na mnyama alifanya nini hali ilipobadilika. Ndege wa Nanyumbu nimewawekea majaji akiba, wamtumie kuwabana wasemaji wa pande zote mbili. Mtoto wa pweza ndiye atakayefungua mdahalo.

Mama, najua Songosongo na Mikindani ni mbali, na nauli si ndogo. Je, ungeweza kututumia sauti yako kwa simu, ukieleza yale ya mlango wa mawe?

Mama wa Songosongo

Nitaweza, Mwalimu. Bamvua inaanza Alhamisi. Nitaifunga simu vizuri isipate maji, nishuke nayo mwambani, na nikilipata shimo nitarekodi hapohapo, ili wasikie pia mawe yanavyosikika pweza anapoyavuta kwa ndani. Mwambie mtoto amuulize bibi yake swali moja kabla ya siku hiyo: pweza akikoswa leo, kesho hukaa shimo lilelile au huhama? Mimi nina jibu langu, lakini mwamba wa Mikindani naujua kwa kusikia tu, na ningependa kulisikia la bibi yake.