Naomba ushauri: bakteria wa Ziwa Nakuru hawaoti kwenye visahani

Hamjambo wapendwa. Mimi ni mwanafunzi wa mikrobiolojia hapa Nakuru, na mradi wangu wa mwaka wa mwisho unahusu ikolojia ya vijidudu vya ziwa letu. Maji yake ni ya magadi, pH karibu 10.

Shida ni hii. Nikiweka tone la maji chini ya hadubini naona uhai tele: nyuzi za spirulina (bakteria wa kijani-bluu wanaoishi kwa mwanga kama mimea), ile ile inayoliwa na heroe, zimejisokota kama springi, na katikati yake vijidudu vidogo mno vinakimbia huku na huku. Nikipanda maji hayo hayo kwenye agari (jeli yenye virutubishi, inayomiminwa kwenye visahani), zinaota koloni chache tu, yaani marundo ya bakteria yanayoonekana kwa macho, karibu zote za rangi ya krimu. Darasani tulifundishwa kwamba bakteria wengi wa mazingira hawaoti maabara, lakini tofauti hii inanikosesha usingizi kabisa.

Nimejaribu kuchemsha sodiamu kaboneti (magadi) kando na kuichanganya mwishoni. Agari sasa inaganda vizuri, koloni hazijaongezeka. Nimepunguza virutubishi pia, wapi!

Ziwa limefurika sana tangu miaka ya 2010 na chumvi imepungua. Je, nitumie maji ya ziwa yaliyochujwa kutengenezea agari, au nifuate vipimo vya vitabu? Na kwa kuwa sina pesa za kupima DNA, hesabu ya hadubini pamoja na visahani itatosha kwa shahada ya kwanza?

Nitashukuru sana, hasa kwa aliyewahi kufanya kazi kwenye maziwa mengine ya magadi, Bogoria au Elmenteita.